Kisa cha Kevin Ross: miaka minne ya kucheza, mwaka mmoja wa kurudishwa darasani

Mwaka 1982 Kevin Ross alimaliza misimu yake ya kuichezea timu ya basketi ya chuo kikuu cha Creighton, kipo Omaha jimbo la Nebraska huko Marekani, na anaondoka pale hana digrii, wastani wake ni D, na uwezo wake wa lugha kwa ujumla ulikuwa wa mtoto wa darasa la nne, kusoma darasa la saba. Na huyu sio mtu aliyeacha shule, katoka kukaa chuo kikuu miaka minne kamili. Kilichofuata ndo kimenifanya niandike yote haya: chuo kikamlipia mwaka mmoja wa masomo ya kuziba mapengo kwenye shule moja ya Chicago iliyokuwa inaitwa Westside Preparatory, na huko akakaa darasani na watoto wa shule ya msingi, yeye mtu mzima mwili wa basketi, anafundishwa vitu ambavyo alitakiwa awe navyo kabla hata hajagusa lango la chuo.

Nimechagua kisa hiki kwasababu ule mjadala wa mwanamichezo wa chuo asaidiwe mpaka lini baada ya kumaliza kucheza, mara nyingi watu wanauongelea kama hesabu ya ada tu, nani alipe na alipe miaka mingapi. Kwa Ross mambo yote yamo kwa pamoja, kuna ahadi, kuna msaada ambao haukuwa msaada wakati anacheza, kuna msaada wa kweli uliokuja ameshaacha kucheza, halafu kuna msaada kukatika ndo kwanza umeanza kuzaa matunda. Mengi tunayoyajua yametoka kwenye kesi aliyoifungua mwenyewe dhidi ya Creighton, na kwa hatua ambayo kesi ilifikia mahakama ilikuwa inayapokea kama madai tu, haikukaa ikasikiliza mashahidi na kuthibitisha moja baada ya jingine, kwahiyo nikisema alifanyiwa hivi au vile msomaji aelewe huo ni upande wake yeye.

Kwanza jinsi mambo yanavyoenda kule, maana bila hapo kisa hakieleweki. Michezo ya vyuo Marekani ni biashara kubwa na chama kikubwa kinachoisimamia ni NCAA, na kwa sheria zake za miaka yote hiyo mchezaji alipewa misimu minne ya kucheza, kwa vyuo vya daraja la juu ndani ya kipindi cha miaka mitano. Malipo yake ni skolashipu: ada, chakula, malazi, vitabu. Skolashipu hiyo toka 1973 ikawa inatolewa kwa mwaka mmoja mmoja, mwaka ukiisha chuo kinaamua kama kinaendelea na wewe au hapana, na hali ikabaki hivo mpaka 2012 ndo vyuo vikaruhusiwa tena kutoa ya miaka mingi kwa mkupuo. Kwahiyo Ross aliingia kwenye mfumo ambao kila Juni anategemea kochi amtake tena, na misimu minne ikiisha hakuna anayemtaka tena kwa lolote, saa yake ya mpira imegonga hata kama saa ya digrii bado.

Alitokea sekondari ya Wyandotte, Kansas City jimbo la Kansas. Wakati anaandikishwa, 1978, masharti ya kitaaluma ya kuingia yalikuwa laini sana, kwasababu 1973 hiyo hiyo NCAA ilifuta kanuni iliyokuwa inatumia makadirio ya alama atakazopata mtu akiwa chuo, ikabakiza wastani wa 2.0 kati ya 4.0 wa sekondari, bila kujali wastani huo umetokana na masomo gani. Kanuni ya kudai masomo ya msingi na alama za mtihani wa kujiunga ilipitishwa 1983 ikaanza kutumika 1986, Ross keshaondoka zamani. Kwenye ACT, mtihani mmojawapo wa kujiunga na vyuo, alikuwa kwenye asilimia 5 ya chini kabisa ya wanafunzi waliokuwa wanaelekea vyuoni, wakati mwanafunzi wa kawaida wa mwaka wa kwanza pale Creighton alikuwa ndani ya asilimia 27 ya juu. Yaani chuo kilijua. Na kwa maelezo ya Ross, ndo maana wakamuahidi: njoo, tutakupa tuisheni ya kutosha, utatoka hapa na elimu ya maana.

Hiyo ahadi naomba muishikilie, maana kesi nzima baadaye ilisimama juu yake.

Sasa tuangalie hesabu ya krediti, hapa ndo penye utamu na ndo penye uchungu. Kumaliza digrii Creighton zilihitajika krediti 128. Ross kwa miaka minne alikusanya 96. Gawanya, unapata krediti 24 kwa mwaka, 12 kwa semista, na 12 ndo kiwango cha chini kabisa cha kuhesabika mwanafunzi wa kutwa kwa vyuo vya Marekani. Kumaliza 128 kwa miaka minne unatakiwa kubeba 16 kwa semista. Maana yake ni kwamba hata kama kila kitu kingeenda vizuri, hata kama angefaulu kila kozi kwa alama safi, mtu anayekwenda kwa mwendo wa 12 anamaliza misimu yake ya kucheza akiwa bado anadaiwa krediti 32, mwaka mzima wa mzigo wa kawaida na zaidi ya mwaka kwa mwendo wake yeye. Mwanafunzi anayefanya mazoezi kila siku, anasafiri na timu kwenda kucheza ugenini, anakosa vipindi, ukimpangia mzigo mwepesi ili abaki na sifa ya kucheza basi ujue umeshampangia na kutomaliza. Ada ya mwaka wa tano hapo sio fadhila, ni deni lililotengenezwa na ratiba yenyewe.

Na hizo 96 zenyewe nyingi hazikuhesabika kwenye digrii. Kwenye kesi zimetajwa kozi za kulenga shabaha na nadharia ya basketi. Mchezaji wa basketi anasomeshwa nadharia ya basketi apate krediti ya kuendelea kucheza basketi. Inadaiwa pia wahusika wa michezo walikuwa wanamshauri achukue kozi za namna hiyo, na kwamba chuo kilimuajiri sekretari wa kumsomea asaimenti zake, kumuandalia kazi zake na kuzitaipu.

Huyu sekretari nataka nikae naye kidogo. Watu wengi wakisikia habari hii wanaona ni udanganyifu wa mitihani, wanaishia hapo, lakini mimi naona ni zaidi ya hapo, kwasababu hapa chuo kilikuwa kinatoa pesa, kilikuwa kinalipa mshahara wa mtu kwa ajili ya masomo ya Ross, kwenye vitabu vya mahesabu hiyo inaweza kabisa kusomeka kama huduma ya kitaaluma kwa mwanamichezo. Lakini pesa hiyo ilikuwa inanunua nini? Ilikuwa inanunua semista ijayo. Sekretari akikusomea asaimenti leo, tatizo la leo limeisha na wewe hujui kusoma zaidi ya ulivyojua jana. Tuisheni ya kweli ingekuwa ya taratibu, ingemfedhehesha kidogo, ingeanzia chini kwenye herufi na sentensi, na semista ya kwanza labda asingefikisha alama za kumruhusu kucheza. Hapo ndo chuo kilitakiwa kichague. Kwa maelezo yake kilichagua uwanja, kikachagua hivyo semista baada ya semista.

Haya, 1982 misimu imeisha. Kwa ratiba ya kawaida ya wakati ule kisa kingeishia hapo, jamaa angerudi Kansas City na mabegi yake na hakuna mtu angesikia jina lake tena, na nina uhakika wako wengi ambao hatujawahi kusikia majina yao. Lakini Creighton wakakubali kulipia ule mwaka Westside. Hakuna kanuni ya NCAA iliyowalazimisha, na kwa hilo wanastahili kusemwa vizuri, sitaki kupita haraka haraka kana kwamba hawakufanya kitu.

Westside Preparatory ilianzishwa 1975 na mwalimu Marva Collins, mwanamke aliyechoshwa na shule za serikali za Chicago, akaanzisha shule yake kwa ajili ya watoto weusi wa mitaa maskini, wale ambao wengine walishawakatia tamaa, akawa anawafundisha kwa kuwadai mengi, kusoma kwa sauti, kuandika kila siku, vitabu vizito vya fasihi kwa watoto wadogo. Ross akawekwa hapo. Mimi sijui kama kuna maamuzi mengi magumu kwa kijana aliyezoea kushangiliwa na uwanja mzima kuliko kukubali kukaa kwenye kile kiti. Alikaa. Akamaliza mwaka. Na ulifanya kazi, maana baada ya hapo akajiunga na chuo kikuu cha Roosevelt, hapo hapo Chicago, safari hii kama mwanafunzi tu, hakuna timu inayomhitaji.

Halafu akaacha. Sio kwamba alidisko, sio kwamba masomo yalimshinda: alikosa pesa za kuendelea.

Kwangu mimi sehemu nzito kuliko zote kwenye kisa hiki ndo hii, na ndo inayopitwa haraka kuliko zote, watu wanakimbilia ile picha ya mtu mzima darasani na watoto, wanakimbilia na yale ya 1987 nitakayoyasimulia hapo chini. Angalia mpangilio wa pesa. Miaka minne ambayo hakuwa na uwezo wa kufaidika na chuo kikuu, alilipiwa chuo kikuu. Mwaka mmoja akalipiwa shule ya msingi, hiyo ilikuwa sahihi. Ulipofika mwaka wa sita, amefundishwa, ameiva, kwa mara ya kwanza maishani yuko tayari kunufaika na ada ya chuo, ndo hakuna wa kumlipia. Skolashipu ilimfuata akiwa haimsaidii ikamwacha ilipoanza kumfaa, kwasababu haikupangwa kumfuata yeye, ilipangwa kufuata misimu ya basketi. Kama ule mwaka Westside ungeendelezwa na ada ya Roosevelt mpaka amalize, hata kwa masharti, hata kwa kumdai alama kila semista, naamini leo tungekuwa tunasimulia kisa kingine kabisa.

Julai 1987 Ross alipata kile ambacho yeye mwenyewe kwenye kesi anakiita shambulio kubwa la msongo wa mawazo. Alijifungia kwenye chumba cha hoteli Chicago akawa anatupa fanicha nje kupitia dirishani, na akaeleza kwamba zile fanicha kwake zilikuwa zinasimama badala ya wafanyakazi wa Creighton waliomkosea. Sitaki kulifanya tukio hili liwe sinema. Ni mtu alikuwa anaumwa. Ninachosema ni kwamba tukiongelea msaada baada ya kumaliza kucheza halafu tukataja ada tu, tunasahau kwamba mtu huyu amepoteza vitu vitatu kwa wakati mmoja, mchezo, jina, na hadithi aliyokuwa anajisimulia kwamba yeye ni msomi wa chuo kikuu, na hakuna mstari hata mmoja kwenye mpango wake wa msaada uliosema aende akaongee na nani.

Kisha akafungua kesi. Mahakama ya shirikisho ya wilaya kule Illinois ikaitupa 1990. Akakata rufaa, na 1992 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya 7 ikatoa uamuzi ambao mpaka leo wanafunzi wa sheria Marekani wanaufundishwa. Aliwashtaki kwa uzembe katika kufundisha, kama vile mgonjwa anavyomshtaki daktari aliyempasua vibaya, mahakama ikakataa. Sababu zake ukizisoma kwa utulivu sio za kipuuzi: hakuna kipimo kinachokubalika cha mwalimu aliyefundisha ipasavyo, mtu kutoelimika kunasababishwa na mengi yakiwemo ya kwake mwenyewe na ya nyumbani kwao, mlango ukifunguliwa kila aliyefeli atakuja mahakamani, na majaji wataanza kuendesha vyuo. Akadai pia kwamba ilikuwa uzembe hata kumpokea tu, hilo nalo likakataliwa.

Lakini kuna mlango mmoja mwembamba ukaachwa wazi, wa mkataba. Mahakama ilisema mwanafunzi hawezi kuja na hoja kwamba elimu haikuwa nzuri, ila akionyesha ahadi mahususi ambayo chuo kilitoa na hakikuitekeleza kabisa, hiyo inasikilizwa. Na Ross alikuwa na ahadi ya hivyo: walijua hana uwezo wa kushiriki masomo ya Creighton bila msaada, wakaahidi msaada, na yeye anadai msaada haukuwepo, kwahiyo alizuiwa kushiriki masomo kwa namna yoyote ya maana. Kesi ikarudishwa chini isikilizwe kwa hoja hiyo tu. Mwaka huo huo wakamalizana nje ya mahakama kwa dola 30,000 bila chuo kukiri kosa, kwahiyo hatukuwahi kupata hukumu ya mwisho ya kujua ile ahadi ina uzito kiasi gani.

Najua jibu la wengi, nimelisikia mara nyingi: huyo jamaa alisomeshwa bure, vitabu bure, chakula bure, asipojituma alaumiwe nani, mbona wenzie wanamaliza. Na kweli wapo wanaomaliza, wengi tu. Vince Carter aliondoka chuo kikuu cha North Carolina 1998 akiwa amesoma miaka mitatu, akaenda NBA, akaendelea kusoma mpaka akahitimu Mei 2001, asubuhi yuko kwenye mahafali Chapel Hill, mji wa chuo hicho, na siku hiyo hiyo anacheza Philadelphia mechi ya saba, ile ya kuamua nani anasonga mbele, watu wakamsema sana kwamba ameweka mahafali mbele ya timu. Lakini mtu wa NBA ana pesa ya kurudi, ana ndege. Hata Michael Jordan, aliyeondoka chuo hicho hicho 1984, alirudi akamaliza digrii yake ya jiografia 1986. Anayehitaji kushikwa mkono ni yule ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote, na huyo ndo wengi wao. Halafu hoja ya kujituma inadondoka kwa Ross mwenyewe, maana alipopewa mwalimu wa kweli alikaa na watoto mwaka mzima akasonga mbele. Kama ni uvivu ungeonekana Westside.

Kwakuwa nimetaja North Carolina siwezi kukipita chuo hicho kimya kimya, na sisi tunaoongea Kiswahili tuna sababu ya peke yetu ya kuumia. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Kenneth Wainstein, ilitoka Oktoba 2014, ilionyesha kwamba pale Chapel Hill kuanzia 1993 mpaka 2011 kwenye idara ya masomo ya Afrika kulikuwa na madarasa ambayo hayakutani, mwanafunzi anaandika karatasi moja tu, inasahihishwa na mfanyakazi wa ofisi na sio mwalimu, alama za juu zinatoka bila kuangalia ubora. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitia humo, karibu nusu wanamichezo. Kwa wanafunzi 329, wanamichezo 169 ndani yake, alama ya darasa la namna hiyo ndo iliyowabeba au kuwabakiza juu ya wastani wa 2.0 kwenye semista fulani. Na Kiswahili kilikuwemo. Kozi ya ngazi ya tatu, ya kutimiza sharti la lugha ya kigeni, ilikuwa inafanywa kwa kuandika karatasi ya Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili. Lugha yetu ikatumika kumpitisha kijana asijifunze kitu, na kijana huyo hawezi hata kusalimia.

Mfanyakazi yule alipostaafu 2009, washauri wa masomo walikaa na makochi wa futboli ya Kimarekani wakawaeleza wazi kwamba yale madarasa yake ambayo wachezaji hawakuhitaji kuhudhuria wala kuandika notsi sasa hayapo tena, na semista hiyo wastani wa timu ukashuka mpaka 2.121, wa chini kuliko miaka kumi iliyotangulia. Ni yule yule sekretari wa Creighton, safari hii kwa idara nzima. Wachezaji wawili wa zamani waliposhtaki 2015, NCAA ikajibu mahakamani kwamba haina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha ubora wa kozi wanazofundishwa wanamichezo kwenye vyuo wanachama. Na 2017 kamati ya NCAA ikasema haiwezi kukitia chuo hatiani kwa hilo kwasababu madarasa yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Chuo chenyewe kina mpango unaitwa Complete Carolina, wa kuwarudisha wanamichezo wa zamani waliokuwa na skolashipu wamalizie digrii, na ni mpango mzuri, ila fikiria mtu anayerudi kumalizia juu ya msingi wa karatasi zile.

Sheria nazo zimesogea. Juni 2021, kwenye kesi ya NCAA na mchezaji wa zamani Alston, Mahakama Kuu ya Marekani kwa kura 9 kwa 0 ilikubaliana na mahakama za chini kwamba NCAA haiwezi kuviwekea vyuo kikomo kwenye misaada inayohusiana na elimu, ikiwemo tuisheni, masomo ya ufundi, skolashipu za shahada za juu, na mafunzo kazini ya kulipwa baada ya kumaliza kucheza. Ila inaruhusu, hailazimishi. Cha kulazimisha kilikuja na kanuni ya NCAA ya Agosti 2024, ambapo vyuo vyote vya daraja la kwanza vinatakiwa kutoa pesa za kumalizia digrii mpaka miaka 10 baada ya mtu kumaliza kucheza, kwa waliokuwa na skolashipu kamili, pamoja na bima ya majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili.

Miaka kumi ni hatua kubwa na sitaki kuidharau. Lakini mpitishe Ross humo uone. Angekuwa na haki ya ada ya kumalizia digrii, sawa, mpaka 1992. Angeingia tena darasa lile lile la Creighton lililomshinda, na uwezo ule ule, krediti nyingi zisizohesabika mkononi. Pesa ya kumalizia digrii inamfaa aliyebakiza kozi nane, haimfai aliyebakiza kujifunza kusoma. Kilichomuinua kilikuwa mwaka ambao haukuwa na krediti hata moja ya digrii, kwenye shule ambayo sio chuo. Mimi ningetaka kanuni iseme kwamba mtu akipimwa akaonekana yuko chini ya kiwango, chuo kilichompokea kikiwa kinajua kilipie kwanza ule mwaka wa kumuandaa, popote pale penye mwalimu anayefaa, halafu saa ya miaka kumi ndo ianze kuhesabu, na ada imfuate hata akienda chuo kingine. Na vipimo vifanyike akiwa mwaka wa kwanza, sio siku anakabidhi jezi.

Kwa vijana wa kwetu wanaokwenda kule kukimbia, na njia hiyo ni ya zamani, Suleiman Nyambui wetu alisoma na kukimbia chuo cha Texas kule El Paso kabla na baada ya medali yake ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, Wakenya ndo usiseme, yapo mambo mawili ya kuangalia kwenye hiyo kanuni. La kwanza ni hilo neno skolashipu kamili. Kwa miaka mingi timu nzima ya riadha na mbio za nyika ya wanaume ilikuwa na skolashipu 12.6 za kugawana, wanawake 18, kwahiyo wakimbiaji wengi wana nusu, robo, na mtu wa nusu hayumo kwenye hiyo dhamana ya miaka kumi. Vikomo hivyo vimeondolewa toka 2025 kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya ya kugawana mapato na wachezaji, vikawekewa kikomo cha idadi ya wachezaji badala yake, ila haina maana kila mkimbiaji sasa anapewa kamili.

La pili ni viza. Mwanafunzi wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, anatakiwa abaki mwanafunzi wa kutwa, hapati mikopo wala ruzuku ya serikali ya shirikisho, na kazi anaruhusiwa ndani ya chuo kwa masaa yasiyozidi 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Mmarekani akiishiwa skolashipu amebakiza semista mbili anaweza kuacha, akafanya kazi, akarudi taratibu kozi moja moja. Wa kwetu hana hiyo nafasi, akikosa ada anapoteza na hadhi ya kukaa, anarudi nyumbani na krediti ambazo hazijafika digrii, na akitaka kurudi miaka mitatu baadaye anaanza upya na fomu ya I-20, ile ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza, na ushahidi wa fedha. Kwahiyo kabla ya kusaini aulize nikimaliza misimu yangu nikiwa sijamaliza digrii mnanilipia semista ngapi, na je nikiwa nimerudi nyumbani mtanitolea I-20 mpya na barua ya kuonyesha ada imelipwa. Jibu liwe kwenye maandishi kutoka ofisi ya fedha ya chuo, isiwe meseji ya WhatsApp ya kochi, maana makochi wanahama na anayekuja baada yake hana habari na mlichoongea.